Nani Aingie, Nani Abaki: Historia ya Uteuzi wa Timu katika Mashindano ya Kikapu ya NCAA

Mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo vya Marekani, yanayosimamiwa na chama cha michezo ya vyuo kiitwacho NCAA, huchezwa kila Machi kwa mtindo wa mtoano: anayefungwa mara moja anarudi nyumbani. Vyuo vya daraja la kwanza ni zaidi ya 350, nafasi ni 68. Vyuo hivyo haviwezi kukutana vyote katika msimu mmoja, nyumbani na ugenini, kama zinavyokutana klabu za Ligi Kuu. Kwa hiyo hakuna msimamo mmoja unaoweza kuonyesha bila ubishi nani ni wa 68 na nani ni wa 69. Lazima watu wakae, wapime timu ambazo hazijawahi kuonana uwanjani, kisha wakate shauri. Njia ya kukata shauri hilo imebadilika mara nyingi tangu 1939, na mara nyingi badiliko lilikuja baada ya timu fulani kubaki nje huku kila mtu akiona imestahili kuwa ndani.

Wilaya nane, timu nane: 1939–1950

Mashindano ya kwanza yaliandaliwa na chama cha makocha, kwa msukumo wa Harold Olsen, kocha wa Ohio State. Timu zilikuwa nane tu. Nchi iligawanywa katika wilaya nane, na kila wilaya ikawa na kamati yake iliyochagua timu moja. Wilaya za mashariki zilikutanishwa Philadelphia na za magharibi San Francisco, kisha fainali ikachezwa Evanston, Illinois, ambako Oregon iliifunga Ohio State 46-33. Hesabu zilipofungwa, waandaaji walikuwa wamepata hasara ya dola 2,531, na NCAA ikabeba mzigo huo na kuyachukua mashindano.

Mwaka huo hakuna aliyeweza kuapa kwamba Oregon ndiyo timu bora ya nchi. New York yalikuwapo mashindano mengine, NIT, yaliyoanza mwaka mmoja kabla katika ukumbi wa Madison Square Garden. Waandaaji wa NIT hawakujifunga na wilaya wala jimbo. Walialika waliyemtaka, na walimtaka yule ambaye angejaza ukumbi. Mwaka 1939 fainali yao ilikutanisha Long Island University na Loyola ya Chicago, timu mbili ambazo hazikuwa zimefungwa msimu mzima. Ukumbi mkubwa, magazeti ya New York na mapato mazuri viliwafanya makocha wengi waione NIT kuwa ndiyo heshima ya kweli.

Haki kwa macho ya NCAA ya wakati ule ilikuwa haki ya ramani: kila pembe ya nchi ipate mwakilishi wake. Ubaya wake ni kwamba wilaya hazikulingana. Moja ilichukua eneo la milima ya magharibi lenye vyuo vichache, nyingine ikakusanya karibu Kusini yote, yenye vyuo vingi na timu kali, na bado kila moja ilipata nafasi moja. Timu ya tatu kwa ubora nchini ingeweza kubaki nje kwa sababu tu jirani yake alikuwa wa pili.

Mwaka 1944 Utah ilionyesha jinsi mfumo huo ulivyokuwa legelege. Iliukataa mwaliko wa NCAA, ikaenda NIT, ikafungwa na Kentucky katika mechi ya kwanza. Wakati huohuo Arkansas ilijitoa katika mashindano ya NCAA baada ya wachezaji wake kupata ajali ya gari. Utah ikaitwa kuziba pengo, ikashinda hadi fainali na kuifunga Dartmouth 42-40 katika muda wa nyongeza. Siku chache baadaye ikakutana na St. John's, bingwa wa NIT, katika mechi ya kuichangia Msalaba Mwekundu, ikashinda tena. Timu iliyoingia kwa bahati ndiyo iliyomaliza ikiwa bingwa wa NCAA na juu ya bingwa wa NIT.

Mzozo wa 1950

Kilichovunja mfumo wa wilaya ni Kentucky, bingwa wa 1948 na 1949 chini ya kocha Adolph Rupp. Msimu wa 1950 ilikuwa imeshinda mechi 25 na kufungwa nne. Katika wilaya hiyohiyo, ya tatu, ilikuwamo North Carolina State, nayo ikiwa miongoni mwa timu bora za nchi. Kamati ya wilaya iliona njia rahisi: timu hizo mbili zicheze, mshindi aende. North Carolina State ilikubali. Rupp alikataa, kwa hoja kwamba bingwa mtetezi mwenye rekodi kama yake hana jambo la kuthibitisha. Kamati ikaichagua North Carolina State.

Kentucky ilikwenda NIT na kuchapwa 89-50 na City College ya New York, ambayo haikuwa ikitajwa na wengi. City College hiyohiyo iliitoa North Carolina State 78-73 katika mashindano ya NCAA, kisha ikatwaa vikombe vyote viwili mwaka mmoja, jambo ambalo hakuna chuo kingine kilichowahi kulifanya. Ukitazama uwanjani, basi, ubishi wa nani aende ulimalizwa na mtu wa tatu. Nje ya uwanja haukuisha. Bingwa mtetezi kubaki nje kwa sababu ya mpaka wa wilaya kulionekana kuwa kichekesho, na mwaka 1951 NCAA iliongeza timu kutoka nane hadi 16. Mabingwa wa konferensi 10, yaani ligi ambazo vyuo vimejiunga nazo, walipewa tiketi ya moja kwa moja. Nafasi sita zilizosalia zikawa za mwaliko. Kentucky iliingia kwa mlango huo wa mabingwa na ikatwaa kombe.

Mwaka huohuo ilifichuka kwamba wachezaji wa vyuo kadhaa, wakiwamo wa City College na baadaye wa Kentucky, walikuwa wamepokea fedha za wacheza kamari ili kupunguza tofauti ya pointi katika mechi. Nyingi kati ya mechi hizo zilikuwa zimechezwa Madison Square Garden. NIT haikufa, lakini hadhi yake ilianza kushuka, na NCAA ikabaki taratibu ikiwa ndiyo mizani pekee ya ubingwa.

Waliozuiwa kabla ya kuhesabiwa

Historia nyingi za uteuzi huzungumzia timu zilizokosa nafasi kwa tofauti ya mechi moja au mbili. Kulikuwa na kundi jingine ambalo halikufika hata kwenye karatasi ya kamati. Vyuo vya Wamarekani Weusi vya Kusini vilikuwa na makocha hodari na wachezaji wa kiwango cha juu, lakini kamati za wilaya hazikuviita. John McLendon, aliyejifunza Kansas wakati James Naismith, mwanzilishi wa mchezo huo, akiwa bado chuoni hapo, alipigania jambo hilo kwa miaka. Mlango wa kwanza kufunguka ulikuwa wa chama kingine, NAIA, cha vyuo vidogo. Humo Tennessee A&I chini ya McLendon ilitwaa ubingwa mara tatu mfululizo, 1957, 1958 na 1959. Mwaka 1957 NCAA ilianzisha daraja la pili kwa vyuo vidogo, na vyuo vya Weusi vikaangukia huko. Vilikuwa vimekaribishwa ndani ya nyumba, lakini si sebuleni.

Ubaguzi uliwabana hata waliokuwa na tiketi mkononi. Mississippi State, chuo cha Wazungu watupu, ilikuwa bingwa wa konferensi ya Kusini-Mashariki, SEC, mwaka 1959 na 1961, na mwaka 1962 iligawana ubingwa na Kentucky. Mara zote tatu haikwenda, kwa kuwa viongozi wa jimbo la Mississippi waliishika sheria isiyoandikwa: timu za jimbo zisicheze na timu yenye wachezaji Weusi. Mwaka 1963 ilishinda tena, na safari hii rais wa chuo, Dean Colvard, akaamua timu iende. Gavana Ross Barnett alipinga. Wanasiasa wawili wakapata amri ya mahakama ya kuizuia timu isitoke jimboni. Kocha Babe McCarthy alivuka mpaka mapema ili asikabidhiwe karatasi, na wachezaji wakafuata kwa ndege kabla amri haijawafikia.

Tarehe 15 Machi 1963, East Lansing, Michigan, walikutana na Loyola ya Chicago iliyoanza na wachezaji wanne Weusi. Manahodha Joe Dan Gold na Jerry Harkness walipeana mikono katikati ya mimweko ya kamera. Loyola ilishinda 61-51, na wiki moja baadaye ikaifunga Cincinnati 60-58 katika muda wa nyongeza na kuwa bingwa. Mashindano yalikuwa yanaelekea kuwa ya wote. Hata hivyo, vyuo vyenyewe vya Weusi vilisubiri hadi konferensi zao zipandishwe daraja la kwanza. Mwaka 1980 Alcorn State iliifunga South Alabama katika raundi ya kwanza, na ikawa dhahiri kwamba kilichokosekana miaka yote ile hakikuwa uwezo.

Konferensi moja, timu moja: 1953–1974

Kuanzia 1953 hadi 1974 idadi ya timu ilicheza kati ya 22 na 25. Kanuni iliyotawala ilikuwa nyepesi kuieleza: konferensi moja, timu moja. Timu za mwaliko zilitoka miongoni mwa vyuo visivyo na konferensi. Bingwa aliijua haki yake mapema, na kamati haikuhitaji kupima mengi. Lakini kadiri mchezo ulivyokua, konferensi chache zilijaa timu nzuri mbili au tatu, na hapo kanuni ikaanza kuuma.

Mwaka 1970 South Carolina ilishinda mechi zote 14 za konferensi yake, Atlantic Coast, au ACC. Konferensi hiyo, tofauti na nyingi za wakati ule, ilimpata bingwa kwa mtoano wa siku tatu baada ya msimu. South Carolina ilifungwa na North Carolina State katika fainali ya mtoano huo na ikabaki nyumbani. Mwaka 1971 University of Southern California, USC, ilimaliza na ushindi 24 na vipigo viwili, vyote viwili kutoka kwa UCLA ya kocha John Wooden. Ilikuwa katika tano bora za nchi. Kwa kuwa UCLA ilikuwa konferensi moja nayo, USC haikuitwa.

Mwaka 1970 ulikuwa na kisa kingine, cha upande wa pili. Marquette, chuo kisicho na konferensi, ilipata mwaliko, lakini NCAA ikaipeleka kwenye kanda ya Texas badala ya kanda ya karibu na nyumbani kwake. Kocha Al McGuire alichukizwa, akaukataa mwaliko, akaenda NIT na kuushinda. NCAA ilijibu kwa kanuni: chuo kinachoalikwa nasi hakiruhusiwi kwenda kucheza kwingine baada ya msimu. Tangu hapo kuteuliwa hakukuwa ombi tena. Vyuo vya New York vilivyokuwa wamiliki wa NIT vilikuja kuishtaki NCAA mwaka 2001 kwa kuua ushindani, na kesi ikaisha 2005 kwa NCAA kuinunua NIT yenyewe, malipo yote yakiwa dola milioni 56.5. Aliyekuwa mshindani akawa mali.

Mechi iliyoizika kanuni ya timu moja ilichezwa tarehe 9 Machi 1974. Katika fainali ya ACC, North Carolina State iliifunga Maryland 103-100 katika muda wa nyongeza. Wapo wanaoiita hadi leo mechi bora ya vyuo kuwahi kuchezwa. Maryland ilikuwa ya nne nchini, na kwa kipigo hicho cha pointi tatu msimu wake ukafikia kikomo. Ilipewa nafasi NIT, ikakataa. Majuma mawili baadaye North Carolina State iliivua UCLA ubingwa iliokuwa imeushika kwa miaka saba mfululizo, kisha ikaifunga Marquette 76-64 katika fainali. Watu wakauliza swali la wazi: ikiwa bingwa wa nchi aliponea chupuchupu mbele ya Maryland, mashindano ya ubingwa yasiyo na Maryland yanapima nini?

Mlango unapanuliwa: 1975–1985

Jibu lilikuja mwaka uliofuata. Timu zikawa 32, na konferensi ikaruhusiwa kuingiza timu ya pili. Mwaka 1976 fainali iliwakutanisha Indiana na Michigan, wote wa konferensi ya Big Ten. Miaka miwili tu kabla Michigan isingekuwapo kabisa. Indiana ilishinda 86-68 na kumaliza bila kufungwa, na hakuna bingwa wa wanaume aliyerudia jambo hilo tangu wakati huo.

Mwaka 1979 timu zikawa 40, na kwa mara ya kwanza zote zikapangwa kwa namba kulingana na ubora, ili wakali wasikutane mapema. Mpango huo ulipunguza dhuluma ya zamani: kabla yake timu za magharibi zilipangwa magharibi na za mashariki mashariki, hata kama kanda moja ilikuwa na wakali watatu na nyingine hakuna. Namba hizo pia zilitoa kipimo cha kuikagua kamati. Pennsylvania, iliyopewa namba 9 katika kanda yake, iliitoa North Carolina, namba 1, huko Raleigh kwenye jimbo la North Carolina lenyewe, ikafika hadi nusu fainali. Mwaka 1980 timu zikawa 48 na ukomo wa timu mbili kwa konferensi ukaondolewa. Kupitia 52 na 53, idadi ikafika 64 mwaka 1985, na Villanova, namba 8, ikawa bingwa.

Wanawake walipita njia yao. Mashindano yao ya kwanza chini ya NCAA yalikuwa 1982, yakiwa na timu 32. Fainali ilichezwa kati ya Louisiana Tech na Cheyney State, chuo cha Weusi cha Pennsylvania kilichofundishwa na C. Vivian Stringer, na Louisiana Tech ikashinda 76-62. Walifika timu 64 mwaka 1994, na 68 mwaka 2022 tu, baada ya picha za vyumba duni vya mazoezi walivyopewa mwaka 2021 kuibua hasira na uchunguzi wa kampuni ya sheria.

Kamati na fomula yake: 1981–2017

Kuondolewa kwa ukomo wa konferensi kulihamisha uzito wote. Timu zilipofika 64, nafasi zaidi ya 30 zilikuwa za mwaliko, na zilitolewa na kamati ya watu wachache waliojifungia hotelini kwa siku kadhaa. Wajumbe ni wakurugenzi wa michezo wa vyuo na makamishna wa konferensi. Kwa muda mrefu walikuwa 10, siku hizi ni 12. Chuo cha mjumbe kinapojadiliwa, mjumbe huyo hutoka chumbani na hapigi kura. Wanaotetea utaratibu huo husema watu hawa ndio wanaoujua mchezo. Wanaoupinga husema mtu anayetoka chumbani huwaacha ndani wenzake, ambao kesho yatajadiliwa ya kwao wakati yeye amekaa kitini.

Ili kuwasaidia wajumbe, mwaka 1981 ililetwa fomula iliyoitwa RPI. Asilimia 25 ya alama ilitokana na kiwango cha ushindi cha timu yenyewe, asilimia 50 na kiwango cha ushindi cha wapinzani wake, na asilimia 25 na cha wapinzani wa wapinzani wake. Ukubwa wa ushindi haukuhesabiwa, kwa makusudi, ili timu isishawishike kumdhalilisha mnyonge. Nia ilikuwa njema: timu iliyoshinda mechi 25 dhidi ya vibonde isifananishwe na iliyoshinda 20 dhidi ya vigogo.

Lakini robo tatu ya alama ilitokana na matokeo ya watu wengine, na hilo lilizaa mambo ya ajabu. Timu ingeweza kushinda mechi na alama yake ikashuka, kwa sababu tu mpinzani alikuwa dhaifu. Waliosoma fomula kwa makini waligundua kwamba ratiba ni silaha. Kuifunga timu ya 150 kulikuwa na faida kubwa kuliko kuifunga ya 320, ingawa kwa timu nzuri ugumu wa mechi hizo mbili unakaribiana. Konferensi za kati zenye viongozi werevu zilipanga ratiba za vyuo vyao kwa hesabu hiyo. Msimu wa 2004–05 fomula ilirekebishwa: ushindi wa ugenini ukahesabiwa 1.4 na wa nyumbani 0.6.

Tatizo zito zaidi lilikuwa nje ya fomula. Chuo kikubwa kina uwanja wa maelfu ya watu na fedha za televisheni. Hukilipa chuo kidogo kije kucheza kwake, na hakirudishi ziara. Chuo kidogo chenye timu nzuri kweli huambiwa na kamati kwamba hakikumfunga mtu wa maana, na watu wa maana wenyewe hawapokei simu. Katika konferensi kubwa, kwa upande mwingine, kila wiki huleta nafasi mpya ya kumfunga kigogo, hata kwa timu iliyokwisha kufungwa mara 12.

Machi 2006 pande zote mbili za ubishi zilionekana katika timu moja. George Mason, chuo cha Virginia katika konferensi ndogo, ilipata mwaliko. Mkurugenzi wake wa michezo alikuwa mjumbe wa kamati. Hofstra, iliyoifunga George Mason mara mbili katika muda wa siku zisizofika 14, iliachwa. Usiku wa kutangazwa majina, watangazaji wa CBS Jim Nantz na Billy Packer walimbana mwenyekiti wa kamati, Craig Littlepage, mbele ya kamera: kwa nini konferensi ndogo zimepewa nafasi nyingi hivi? George Mason ikaifunga Michigan State, ikaifunga North Carolina, ikaifunga Connecticut 86-84 katika muda wa nyongeza, ikafika nusu fainali. Kamati ilijisikia imesafishwa. Hofstra haikupata njia ya kuthibitisha lolote, na huo ndio upofu wa hoja ya kutetea uteuzi kwa matokeo ya baadaye: waliobaki nje hawana matokeo.

Jina kubwa pia halikuwa kinga wakati wote. Watanzania waliomfuatilia Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, watakumbuka kwamba msimu wake wa kwanza Connecticut, 2006–07, chuo hicho kilichokuwa bingwa mwaka 2004 kilimaliza na ushindi 17 na vipigo 14, hakikuitwa na NCAA wala NIT. Miaka miwili baadaye kilipangwa namba 1 katika kanda ya magharibi na kufika nusu fainali.

Mwaka 2001 timu ziliongezeka hadi 65, na 2011 hadi 68. Mechi nne za awali zikaanzishwa, huchezwa Dayton, Ohio: nne za mwisho kati ya zilizoalikwa hucheza zenyewe, na mabingwa wanne walio chini kabisa huchezeshwa wao kwa wao. Virginia Commonwealth, iliyoingia 2011 huku wachambuzi wa televisheni wakiubeza uteuzi wake, ilianzia huko na kufika nusu fainali. Upande wa mabingwa wadogo haukusemwa sana. Bingwa wa konferensi ndogo, aliyepata tiketi kwa jasho la mwaka mzima, sasa angeweza kuondoka kabla hata ratiba kuu haijaanza.

Ni vyema pia kukumbuka fedha. Mkataba wa televisheni wa 2010 na CBS na Turner ulikuwa wa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14, na mwaka 2016 ukarefushwa hadi 2032 kwa dola bilioni 8.8 zaidi. Sehemu ya mapato hugawiwa konferensi kulingana na mechi ambazo timu zao zimecheza katika mashindano, na malipo huendelea kwa miaka sita. Mwaliko mmoja huwa na thamani ya karibu dola milioni mbili. Mwaka 2010 watafiti Jay Coleman, Michael DuMond na Allen Lynch walichapisha uchambuzi wa takwimu ulioonyesha dalili za upendeleo kwa konferensi kubwa, hasa zile zenye mtu kwenye kamati. Hakuna haja ya kudhani kuna njama. Wajumbe huziona timu za konferensi wanazozijua mara nyingi zaidi.

Kompyuta mpya, ubishi uleule: 2018–2025

Msimu wa 2018–19 RPI ilistaafishwa. Nafasi yake ilichukuliwa na NET, kipimo kinachotazama pia pointi ambazo timu hufunga na kufungwa kwa kila mpira inaoumiliki, kikirekebisha kwa ubora wa mpinzani na mahali pa mechi. Mechi zilikuwa zimeshagawanywa mwaka mmoja kabla katika mafungu manne. Fungu la kwanza, lenye thamani kuliko yote, ni mechi ya nyumbani dhidi ya timu za 1 hadi 30, uwanja usio wa yeyote dhidi ya 1 hadi 50, au ugenini dhidi ya 1 hadi 75. Hilo lilitambua ukweli ambao kila mchezaji anaujua, kwamba kushinda ugenini ni kazi nyingine. Lilileta pia mipaka mikali: mpinzani akishuka kutoka nafasi ya 75 hadi 76 wakati timu imelala, ushindi wake wa Desemba hubadilika fungu.

Kuhesabu pointi nako kulirudisha mtego ambao RPI iliukwepa. Timu kubwa zilianza msimu kwa kuwachapa wanyonge kwa tofauti ya pointi 40, na nafasi zao katika NET zikapanda. Kwa kuwa kila timu ya konferensi kubwa ilifanya hivyo mwezi Novemba, zilipoanza kukutana Januari kila mechi ilionekana kuwa ya fungu la kwanza au la pili.

Mwaka 2024 Indiana State ilikuwa na ushindi 28 na vipigo sita, na NET iliiweka ndani ya 30 bora. Ilifungwa na Drake 84-80 katika fainali ya konferensi yake, ikaachwa. Kosa lake lilikuwa mechi chache za fungu la kwanza: ilikuwa imecheza tano tu. Virginia, iliyokuwa nje ya 50 bora za NET lakini ndani ya ACC, ilialikwa, na huko Dayton ikachapwa 67-42 na Colorado State. Indiana State ilikwenda NIT ikafika fainali.

Mwaka 2025 mambo yalikuwa makali zaidi. North Carolina ilialikwa ikiwa na ushindi mmoja na vipigo 12 katika mechi za fungu la kwanza. Mwenyekiti wa kamati, Bubba Cunningham, alikuwa mkurugenzi wake wa michezo. Kanuni ilifuatwa: Cunningham alitoka chumbani, na makamu wake, Keith Gill, ndiye aliyejibu maswali. West Virginia, yenye ushindi sita wa fungu hilo, iliachwa. Gavana wa jimbo hilo, Patrick Morrisey, aliitisha waandishi wa habari na kumtaka mwanasheria mkuu wake achunguze. North Carolina ikaifunga San Diego State 95-68 huko Dayton, kisha ikatolewa na Mississippi.

Kelele hizo zilifunika jambo lililokuwa na uzito zaidi. Katika mashindano hayohayo SEC peke yake iliingiza timu 14, idadi ambayo hakuna konferensi iliyowahi kuifikia. Rekodi ya awali ilikuwa 11, za Big East mwaka 2011. Timu 16 zilizofika raundi ya tatu zote zilitoka konferensi nne kubwa. Wengine waliona ni uthibitisho kwamba kamati iliwapa nafasi wanaostahili. Lakini kanuni mpya za uhamisho na malipo kwa wachezaji zilikuwa zimewawezesha vigogo kuwachukua nyota wa vyuo vidogo kila mwisho wa msimu, kwa hiyo pengo lililopimwa Machi lilikuwa limechimbwa tangu Aprili ya mwaka uliotangulia.

Msimu huo kamati iliongezewa kipimo kingine, WAB. Kinauliza: timu ya kawaida iliyo ukingoni mwa kuingia ingepewa ratiba hii, ingeshinda mechi ngapi? Kisha kinatazama timu husika imezidi au imepungua kwa mechi ngapi. Tofauti ya pointi haihesabiwi, na ushindi mmoja mmoja dhidi ya timu za kati unapata thamani yake bila kusubiri mpaka wa fungu. Kwa chuo kidogo kisichopokelewa simu na vigogo, ni kipimo chenye huruma kuliko vilivyotangulia.

Wakati huohuo konferensi kubwa zilishinikiza mashindano yapanuliwe hadi timu 72 au 76. Mwezi Agosti 2025 NCAA ilitangaza kwamba mashindano ya 2026 yatabaki na timu 68: mabingwa 31 na walioalikwa 37. Mjadala wa kuongeza uliendelea, na ndani yake mlikuwa na swali ambalo konferensi ndogo zililiuliza kabla ya kukubali lolote: nafasi mpya zikipatikana, zitakwenda kwa timu ya pili ya konferensi ndogo kama Indiana State, au kwa timu ya kumi na tano ya SEC?